Viwashio Ishirini

Nta ikiyeyuka pamoja na nyuki waliokufa hutoa harufu mbili kwa mpigo: utamu wa asali unaokuvuta, na nyuma yake harufu ya nywele zilizoungua inayokufukuza. Harufu hiyo ndiyo utoto wangu. Watu wengine wakiwakumbuka bibi zao husema walinukia karafuu, au udi, au maziwa mabichi. Wangu alinukia nta, moshi na jasho, na akipita karibu yangu niliificha mikono, kwa sababu sikujua kama anapita tu au anakuja kunifinya. Nasema mapema ili mtu asinitegemee nimpe hadithi tamu ya bibi na mjukuu wake. Hatukupendana. Tuliishi pamoja kwa kuwa mama alikuwa ameolewa upya huko Kigwa na mume wake hakutaka mtoto wa mwanamume mwingine, na baba, mtoto wa pekee wa Bibi Nyamizi, alikuwa amekwenda kukata mkonge Tanga akanyamaza huko huko. Nilibaki mimi na yeye, kila mmoja akimwona mwenzake kuwa ni bahati mbaya aliyoletewa.

Nyumba yetu ilikuwa porini, kusini ya Tabora, upande wa kwenda Ipole, pembeni ya njia ya zamani waliyopita wapagazi na pembe za ndovu mabegani. Siku nilizozijua mimi njia hiyo ilikuwa imebaki mfereji mwembamba katikati ya miyombo, lakini Bibi aliiita barabara kuu, na aliwadharau wote waliojenga kwingine. Babu, ambaye sikumkuta, alikuwa mpishi wa Mzungu wa misitu. Uhuru ulipokuja Mzungu akafunga virago, akamwachia Babu jiko lake, jiko la kuni la chuma tupu, lenye miguu minne, mlango wa kutilia kuni, mlango wa kuokea mikate na bomba la kutolea moshi. Wanaume wanane walilibeba kwa miti kwa siku mbili kupitia njia ile ile. Bibi alipenda kusimulia kwamba huo ndio ulikuwa msafara wa mwisho, na mzigo wake haukwenda pwani bali ulikuja kwake. Jiko lile ndilo lililomfanya awe mtu. Wanawake walitembea nusu siku kuja kulitazama, na yeye aliwaacha walitazame bila kuwakaribisha hata maji ya kunywa.

Ila jiko la chuma si mafiga. Kwenye mafiga unapuliza, unasogeza kijinga, moto unapata hewa pande zote. Lile lilikuwa na tumbo jembamba lenye giza. Kuni zikiwa na unyevu kidogo tu linajaa moshi na kuzima, na mvua zikishaanza hakuna kuni isiyo na unyevu. Mafuta ya taa yalikuwa adimu, ya kupanga foleni mjini. Kwa hiyo Bibi alitengeneza viwashio, au niseme ukweli, mimi nilitengeneza na yeye akasimama nyuma yangu. Masega yakishakamuliwa asali yalitiwa kwenye gunia na kuchemshwa, nta safi ikaelea na kuganda juu ya maji. Hiyo ilipelekwa mjini. Yaliyobaki ndani ya gunia, machicha meusi yenye mabawa na miguu ya nyuki, yalikuwa yangu. Niliyayeyusha kwenye kopo lililosimama ndani ya sufuria ya maji ya moto, kwa maana kopo likigusa moto wenyewe nta hulipuka. Nilichovya gunzi la mahindi, nikalivingirisha kwenye unga wa mbao niliouzoa kwa wapasua mbao, nikangoja likauke, nikalichovya tena, nikalivingirisha tena. Mwisho nililifunga kwa uzi wa gome la myombo na kuacha mkia mfupi wa kuwashia. Fundo lilikuwa la Bibi, la kuzungusha mara tatu na kupitisha chini, na sikumwona mtu mwingine aliyefunga hivyo. Kisha viwashio vilipandishwa kwenye dari la miti juu ya jiko, vikaushwe na joto lake.

Siri yote ilikuwa kule kuvingirisha mara mbili. Mtoto huchoka, mikono inaungua, anavingirisha mara moja na kujipa moyo kwamba haitajulikana. Kiwashio cha mara moja huwaka kwa fujo, moto wa mabua, kisha kinakufa kabla kuni hazijashika. Bibi alikuwa na namna yake ya kukagua. Kila nilipojaza ungo, alichagua kimoja, akakitumbukiza kwenye kata ya maji, akakitoa na kunipa nikishike mkononi, kisha akakiwasha. Kikizima, nilikosa chakula cha mchana. Kisipozima, nilikishika hadi aseme basi, na hakuwahi kuwa na haraka ya kusema basi. Bado nina alama kwenye kidole gumba na kile cha shahada. Fimbo hakunichapa hata siku moja. Alikuwa mtu wa kufinya, na alifinya upande wa ndani wa mkono, panapouma zaidi, huku anaongea kwa utulivu kabisa habari za mama yangu. Nikikosea, nilikuwa mtoto wa mama yangu. Nikipatia, hakusema kitu. Alikirudisha kiwashio kwenye ungo na kuondoka zake. Nilikuwa na kiu ya neno moja tu jema kutoka kwake, na nilizidi kumchukia kwa sababu ya kiu hiyo.

Mwaka wa operesheni, watu walipoamriwa watoke porini wakaishi pamoja katika vijiji vya ujamaa, nilikuwa na miaka kumi na sijawahi kukanyaga darasa. Shule ilikuwa mbali mno kwa miguu yangu, alisema Bibi, ingawa miguu hiyo hiyo ilikwenda kuzoa unga wa mbao mbali zaidi. Ndipo akaja katibu wa kijiji kipya, kijana wa mjini aliyeitwa Hamisi, na baiskeli yake na shati jeupe. Alimpigia Bibi shikamoo huku ameinama, akaeleza habari za kisima cha pampu, zahanati na shule, tena madarasa mawili yalikuwa yamekwisha kuezekwa. Bibi aliitikia marahaba, akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia kwamba waliozaliwa kuhamahama walikuwa wapagazi, na yeye ni mwenye kituo. Akauliza pia katika kijiji hicho kuna wanaume wangapi wa kubeba jiko. Hamisi alicheka akidhani ni mzaha. Alipokuwa anaondoka alinikuta nyuma ya nyumba na ungo wangu, akaniuliza jina, nikamwambia Kalunde. Alichomoa penseli mfukoni, akaandika jina hilo kwenye kipande cha boksi, akanipa boksi na penseli. Sikuwa nimewahi kuliona jina langu. Nililigeuza juu chini mara kadhaa kabla sijajua upande wa kulishika.

Boksi nililificha chini ya mkeka. Kila nilipopata nafasi nililinakili lile jina, kwenye maganda ya mahindi, kwenye kibuyu, na mwisho, kwa ujinga wangu, kwenye ukuta wa jikoni nyuma ya rundo la kuni. Bibi akaliona siku kuni zilipopungua. Hakufinya. Aliniambia nilete kilichochora pale, nikaleta penseli. Akaniambia nilete na kilichonifundisha kuchora, nikaleta boksi. Alifungua mlango wa jiko, akavitia vyote viwili ndani, akaacha mlango wazi ili nitazame. Alisema mama yangu naye alianza na karatasi, kwa maana yule mwanamume wa Kigwa alikuwa akimletea barua kabla baba hajaondoka. Nilisimama nikaitazama rangi ya penseli ikivimba na kupasuka. Sikulia. Nilijikaza kisabuni, nikamwambia Mungu kimoyomoyo kwamba nyumba hii ikianguka mimi sitaokota hata kijiti.

Novemba mvua za kwanza zikaanza, na muda wa kuhama kwa hiari ukaisha. Wengi walikuwa wamekwisha kwenda na mbuzi wao na milango yao. Walibaki wabishi wachache, na mgambo wakaanza kuzipitia nyumba. Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Luhende, jirani yetu ng'ambo ya korongo. Walimtoa, wakatoa vyombo vyake, wakatia moto paa, na paa likatoa moshi tu. Nyasi zilikuwa zimelowa. Wakamwagia chupa mbili za mafuta ya taa, kona moja ikaungua na kuzima, wakaondoka wakitukanana. Jioni Mzee Luhende akarudi, akaingia chini ya nusu iliyobaki. Bibi alicheka mpaka akapaliwa. Wakubwa wote hao na lori lao, alisema, wameshindwa na nyasi. Siku ile alikuwa na furaha kuliko siku zote nilizomjua, hata akaniongezea mboga.

Kesho yake Hamisi alinikuta kisimani kwetu. Shati lake halikuwa jeupe tena, macho yalikuwa mekundu, na nadhani wakubwa wake walikuwa wamemkalia kooni. Aliniuliza taratibu kama ni kweli kwamba vile viwashio vya kwetu vinawaka hata vikilowa. Ningeweza kusema sijui. Mtoto wa miaka kumi ana ruhusa ya kutojua. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza juu ya kazi yangu, na kabla sijafikiri mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Hata ukivitia majini vinawaka," nilimwambia. "Navitengeneza mimi mwenyewe."

Akasema anataka ishirini. Akasema ni vya paa la Mzee Luhende na wabishi wenzake, kwamba Bibi akiona hao wamekwisha kuondoka atapanda lori mwenyewe, na nyumba yake haitaguswa. Akasema jina langu limo tayari kwenye orodha ya darasa la kwanza, na daftari lipo, na penseli nyingine ipo. Wengi wa rika langu wakisimulia mwaka ule husema hawakujua kitu, walikuwa watoto. Mimi nilijua. Nilimjua Bibi kwamba hatapanda lori mwenyewe hata dunia nzima iungue. Niliiona nyumba yetu ikiwaka kichwani mwangu pale pale kisimani, na haikunitisha kama ilivyopasa kunitisha.

Ningeweza kumpa vibovu. Hapo ndipo roho yangu inaponisuta hadi leo. Kule darini kulikuwa na viwashio vya kila namna, na vile vya mara moja, vya uvivu, nilikuwa nimevirundika kona ya peke yake ili Bibi asivione. Ningempa Hamisi hivyo, vingewaka kwa fujo na kufa, mapaa ya watu yangebaki, na mimi ningekuwa nimetimiza ahadi. Badala yake nilivibonyeza kimoja kimoja kwa kucha, nikavinusa, nikachagua ishirini vilivyokauka barabara, nikavipanga kwenye kikapu mikia yote ikiwa upande mmoja na kuvifunika kwa jani la mgomba. Nilitaka Hamisi aone kazi safi. Bibi alikuwa amekwenda kufua korongoni. Nilimpelekea Hamisi kikapu kisimani kabla Bibi hajarudi, na mchana huo nilikula ugali wangu wote.

Hawakuanza kwa Mzee Luhende. Siku ya tatu, asubuhi, mvua ya rasharasha ikinyesha, lori lilisimama kwetu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko anapika uji, na hakuinuka. Mgambo wawili walimwinua pamoja na kigoda chake wakamweka uani. Walitoa mikeka, masufuria, gunia la mahindi, mizinga miwili ya magome ambayo haijapata nyuki. Walijaribu jiko, wanne, kisha sita. Mlango wa kuokea ukachomoka ukabaki mikononi mwao, wakauweka chini na kuachana nalo. Hamisi alisoma karatasi kwa sauti ambayo haikuwa yake. Hakuniangalia hata mara moja. Mgambo mmoja akafunua kikapu, akatoa kiwashio, akakiinua kutafuta pa kukiwashia, na Bibi akaona mkia, akaona fundo. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Ilikatika kidogo, kisha ikaendelea.

Walichomeka saba chini ya nyasi kuzunguka paa, wakaviwasha. Nilimwomba Mungu vizime. Naapa, dakika ile niliomba, kwa maneno yote niliyoyajua, ya Kinyamwezi na ya Kiswahili. Havikuzima. Viliungua polepole, bila haraka, kama nilivyofundishwa, vikakausha nyasi zilizokuwa juu yake, nyasi zikashika, na kufumba na kufumbua paa zima lilikuwa linanguruma katikati ya mvua. Hapakuwa na cha msalie mtume. Paa la jikoni nalo likashika, dari likaporomoka juu ya jiko na viwashio vyangu vyote vilivyobaki, vizuri na vibovu, vikaenda kwa pamoja. Harufu ya nta ilikuwa nzito mpaka mgambo mmoja akatapika. Bibi hakupiga kelele, hakulaani mtu, hakuziba hata pua. Alitazama kwa makini kama alivyokuwa akitazama ungo.

Wakatupakia. Walipita ng'ambo ya korongo, wakachoma ya Mzee Luhende, ikaungua yote mara hii, naye akapandishwa na mkewe wakaketi upande wa pili wa lori. Mimi na Bibi tulikaa juu ya gunia la mahindi. Nilingoja anifinye. Nilimsogezea mkono kwa makusudi, upande wa ndani ukiwa juu, ili asipate taabu. Tulikwenda mwendo mrefu, lori likizama na kuinuka katika matope. Mwishowe aliongea, macho yakiwa njiani.

"Ulivingirisha mara ngapi?"

"Mara mbili, Bibi."

Alitikisa kichwa kukubali. "Vimewaka vizuri," alisema.

Lilikuwa neno jema la kwanza kuniambia, na la mwisho. Hakulisema kwa kejeli. Kejeli zake nilizijua zote. Alikuwa fundi, alikuwa amekagua kazi, na kazi ilikuwa imefaulu. Nilitamani anisukume chini ya magurudumu.

Kijiji kipya kilikuwa na kila alichosema Hamisi. Pampu ilitoa maji, shule ilikuwa na walimu wawili, na jina langu lilikuwemo kweli kwenye orodha. Tulijengewa kibanda, Bibi akapika kwenye mafiga kama kila mtu, na moto tuliuomba kwa jirani. Hakutengeneza kiwashio tena, wala hakuniambia nitengeneze. Kwangu alibadilika kabisa. Hakunifinya, hakumtaja mama. Aliniletea maji ya kunawa kabla ya kula, akanitengea mimi kwanza, akaniachia kigoda na yeye akakaa chini. Nikitoka shule aliniambia karibu. Nikienda kulala aliniuliza kama nina haja ya chochote. Majirani walimsifu wasimmalize, wakisema hawajaona bibi anayempenda mjukuu namna hiyo. Mimi peke yangu nilijua ninachofanyiwa. Nilikuwa nimefanywa mgeni, ndani ya nyumba yetu, kila siku iendayo kwa Mungu, kwa adabu isiyo na ufa. Siku moja uvumilivu ulinishinda, nikampigia magoti huku nalia, nikamnyooshea mkono nikamwomba anifinye tu, kama zamani. Alinitazama, akaenda kuniletea maji ya kunywa. Aliishi mvua mbili tangu hapo. Alipokufa nilikuwa darasa la tatu, na niliandika mwenyewe jina lake kwenye kibao cha kaburi, herufi zote zikiwa sawasawa, na watu wakasema mtoto ana mwandiko.

Leo naishi mjini Tabora, nimestaafu ualimu, na moto wangu unatoka kwenye mtungi wa gesi. Nageuza kitufe, umewaka, hakuna anayeungua vidole. Watu wa umri wangu wakikaa wakazungumza miaka ile, kuna wanaosema ulikuwa ukatili mtupu, na kuna wanaosema bila vijiji vile wangekufa hawajui kuandika hata barua. Kisha wananigeukia mimi mwalimu niamue. Siamui. Kila herufi niliyo nayo niliipata kule, na ningerudishwa kisimani leo, miaka kumi, peku, jina langu limo kwenye orodha, naogopa ningechagua tena vile vikavu. Hilo silisemi mbele za watu. Nilifundisha miaka mingi na wanafunzi wangu walifaulu, waulizeni wenyewe. Lakini lipo neno moja nililoshindwa kulitamka darasani. Nilitoa maksi zao, nikawarudishia madaftari kimya kimya. Walimu wenzangu walidhani nina majivuno, na watoto walidhani nawachukia. Sikuwa na namna ya kuwaeleza kwamba mimi neno hilo nikilisikia nasikia paa.

Sasa ninaye mjukuu, Zawadi, ana miaka tisa, anakaa kwangu kwa kuwa wazazi wake wako kazini Dar es Salaam. Sijawahi kumfinya, na chakula anapata hata akikosea. Juzi alirudi shule na karatasi ya mtihani ameishika kwa mikono miwili, amekuwa wa kwanza darasa zima. Nilikuwa nachambua mchele. Niliweka ungo chini, nikaisoma karatasi yote, taratibu, mpaka mstari wa mwisho, naye amesimama mbele yangu anangoja.

"Bibi, nimefanya vizuri?" akaniuliza.

Nilifungua mdomo. Kisha nikamrudishia karatasi yake, nikamwambia akaoshe vyombo.